Ng'ombe wa Tableti

Tableti thelathini na tano zilipoletwa shuleni, Madam Wanjira alizifumia vitambaa. Si mzaha. Alikaa wikendi mbili nzima na sindano yake na uzi wa rangi ya maziwa, akafuma kitambaa kimoja kwa kila tableti, chenye maua pembeni, sawa na vile vinavyofunika redio, televisheni na makochi nyumbani kwake. Kwake kitu cha maana hakiachwi uchi. Akazipanga zote katika kabati la chuma la Gredi ya Tatu, akatia kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso yake. Muhula mzima ukapita. Redioni walikuwa wakiziita vishikwambi na kusema vinageuza elimu ya nchi. Katika darasa la Madam Wanjira, nyuma ya mtaa wa Noonkopir, mjini Kitengela, havikugeuza kitu, ila vilikuwa safi ajabu.

Usimcheke haraka. Mwanamke huyu amefundisha miaka thelathini na mmoja. Mpe vifuniko vya soda na dakika kumi, atamfundisha mtoto yeyote wa Kitengela kutoa na kujumlisha, hata yule aliyeapa kwamba hesabu na yeye ni maji na mafuta. Hasira zake ziko karibu, na huruma zake ziko karibu zaidi. Lakini kile kioo kinachowaka ukikigusa kilimtia hofu. Aliogopa kukivunja, na kubwa kuliko hilo, aliogopa watoto wa miaka minane wamwone hajui. Mwalimu akionekana hajui, alijiambia, basi amekwisha.

Kufuli lilifunguliwa na mwalimu mkuu, Madam Nzula, Mkamba mwenye sauti laini na maamuzi magumu. Alikuja kukagua kabati, akainua kitambaa kimoja, akainua cha pili, akamgeukia Madam Wanjira.

"Madam," akasema polepole, "hizi ni tableti ama ni mabibi harusi?"

Habari ilipofika chumba cha walimu, wenzake walicheka hadi chai ikamwagika, na jina likashika. Tangu siku hiyo lile likawa kabati la mabibi harusi. Kuanzia muhula wa pili, kila Jumanne na Alhamisi, mwalimu kijana aitwaye Allan aliingia Gredi ya Tatu akazigawa kwa zamu, kila mtoto na yake, naye Madam Wanjira akasimama nyuma ya darasa amekunja mikono, akingoja kipindi kiishe.

Ni katika muhula huo huo wa pili ndipo Lorna alipofika.

Alikuwa na miaka tisa, mrefu kuliko wenzake wote, na shingo iliyozoea kutazama mbali. Baba yake, Sankale, mfugaji wa Kimaasai, alikuwa amehamisha mifugo mara tatu kwa ajili ya ukame, na kila alipohama, shule ya mtoto ilibaki nyuma. Mwishowe shangazi yake, Lucy, aliyeuza dawa za mifugo katika duka dogo la Noonkopir, akamwomba kaka yake amwachie huyo msichana asome akiwa mahali pamoja. Sankale alikubali shingo upande. Kwa maoni yake, Lorna ndiye aliyejua ndama kuliko watoto wake wote.

Darasani Lorna hakusumbua mtu. Alikuwa na tabia moja tu iliyomkera Madam Wanjira. Kila asubuhi alisimama kando ya mlango wenzake wakiingia, akawatazama mmoja mmoja, halafu akaingia wa mwisho na kutangaza, "Teacher, Cindy hayuko," au "Teacher, leo Kimani hayuko." Rejista ikiwa bado haijafunguliwa!

"Lorna, kazi ya rejista ni yangu," Madam Wanjira alimwambia siku moja, kwa ukali kidogo. "Wewe ingia ukae."

Mtoto akakaa. Kesho yake akasimama mlangoni tena, ila hakutangaza.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Tableti zile zilikuwa na mchezo wa hesabu. Mtoto anaonyeshwa shamba, ng'ombe wanaingia bomani, anaulizwa, "Wako wangapi?" Anagusa namba. Wakitoka ng'ombe, wanakuja mbuzi; wakitoka mbuzi, wanakuja kuku. Mwisho wa mwezi tableti yenyewe inasema mtoto yuko kiwango gani. Watoto arobaini na watano wa Madam Wanjira walipata kiwango cha pili, cha tatu, wengine cha nne. Lorna alipata sufuri katika maswali yote arobaini. Tableti ikaandika kwamba mtoto huyu hajajua kuhesabu hata mpaka mbili.

Jumatatu Madam Nzula alimwita Madam Wanjira ofisini.

"Huyu mtoto wa Sankale hawezi kukaa Gredi ya Tatu," akasema. "Ijumaa natuma majina. Jumatatu ijayo anaanza Gredi ya Kwanza."

"Lakini madam, kwa daftari anapata. Angalia." Madam Wanjira alikuwa amelibeba daftari. "Nane kwa kumi. Tisa kwa kumi."

"Anakaa na nani?"

"Na Kimani."

"Na Kimani anapata ngapi?"

Madam Wanjira akalifunga daftari. Kimani alipata kumi kwa kumi tangu azaliwe.

"Unaona? Daftari liko na jirani. Tableti haina jirani." Madam Nzula akavua miwani. "Wanjira, nitakuambia ukweli kwa sababu tumetoka mbali. Kama ni mwalimu mwingine anabishana na hii kitu, ningesikiliza. Lakini wewe? Wewe uliifungia kwa kabati ukaivalisha nguo. Watu watasema unatafuta tu sababu."

Maneno hayo yalimwingia, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Akatoka ofisini na daftari lake, akajutia kila mshono wa kila kitambaa.

Jioni hiyo Lucy alimpigia simu. Habari zilikuwa zimekwisha kufika nyumbani, maana watoto hawaweki siri ya mwenzao.

"Mwalimu, ni kweli mnamrudisha na watoto wa miaka sita?"

"Bado hatujamrudisha."

"Ameniambia kama ni hivyo, yeye anarudi kwa babake. Na nikuambie mwalimu, akirudi huko, ndio basi. Kaka yangu hatamleta mara ya pili. Atasema shule ilimjaribu ikamkataa."

Madam Wanjira hakulala kwa raha. Alfajiri, akikoroga chai, akamkumbuka bibi yake mzaa mama, Cucu kwa Kikuyu chao, na kijiko kikasimama ndani ya sufuria. Cucu yake hakuwahi kuhesabu watu. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, alikujibu, "Wa kutosha sufuria." Ukinyoosha kidole kuhesabu mbuzi au watoto, alikipiga kidole chako, kwani hesabu inaita hasara. Na Wamaasai nao si wana mwiko huo huo juu ya ng'ombe? Aliusikia tangu alipohamia Kajiado! Kumbe mtoto hakushindwa. Mtoto alikataa, kwa heshima ya kwao.

Alifurahi hata akasahau kutia sukari. Vipindi vilipoisha Jumanne hiyo, alichukua tableti moja na kitambaa chake, akaitia kapuni chini ya sukuma wiki ili isionekane, akaenda moja kwa moja dukani kwa Lucy.

Lucy alikuwa akimpimia mteja dawa ya kupe. Lorna alikaa juu ya kreti la soda pembeni, akifanya kazi ya nyumbani. Alipomwona mwalimu wake aliteremka, akainamisha kichwa, na Madam Wanjira akamgusa utosini, jambo alilojifunza kwa wazazi wa huku. Mteja alipoondoka, mwalimu akaeleza ugunduzi wake, kwa fahari isiyofichika.

Lucy alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akacheka.

"Aii, mwalimu! Hiyo ni kweli kwa wazee. Babangu mimi, ukimuuliza ng'ombe zake ni ngapi anakutoroka. Lakini huyu?" Akaonyesha rafu kwa kidevu. "Huyu ndiye ananihesabia stoki kila jioni. Chupa, sindano, pakiti za chumvi. Ng'ombe za picha hazimtishi."

Fahari ikamshuka Madam Wanjira yote. "Basi shida ni gani?"

"Umemuuliza?"

Hapo ndipo mwalimu wa miaka thelathini na mmoja alipoona haya. Hakuwa amemwuliza. Madam Nzula hakumwuliza, Allan hakumwuliza, tableti nayo ilijua kuuliza kitu kimoja tu. Watu wazima walikuwa wamejadiliana juu ya kichwa cha mtoto huyu siku mbili nzima, na mtoto mwenyewe yupo hapo kwenye kreti.

Akatoa tableti kapuni, akatoa jani la sukuma lililoshikamana na kitambaa, akabonyeza. Haikuwaka. Akabonyeza mahali pengine. Ikawaka, ikazima.

"Shikilia kidogo, teacher," Lorna akasema taratibu. "Usiachilie haraka."

Ikawaka. Kioo kikadai namba ya siri, na Lorna akaijua. Kikadai kitelezeshwe kidole, na Lorna akashika kidole cha mwalimu wake akakitelezesha. Shamba likatokea, kijani tupu, na ng'ombe saba wakaingia bomani wakitingisha mikia.

"Haya mama," Madam Wanjira akasema. "Hapa kuna ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

"Angalia vizuri."

Lorna akaangalia, kwa kumheshimu tu. "Mmoja, teacher."

"Mbona mmoja?"

Mtoto akamtazama kwa huruma, akaona kumbe mwalimu alihitaji kusaidiwa kweli kweli. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu ako na baka nyeupe hapa begani. Na hii pembe imepinda, na sikio limekatwa kidogo. Sasa angalia huyu. Baka begani, pembe imepinda, sikio limekatwa. Na huyu. Na huyu. Ni huyu huyu, teacher. Anaenda nyuma anarudi."

Lucy akaacha dawa zake akaja mbio. Ni mtu aliyeishi kwa kutazama ng'ombe. Akainama, akakaza macho, akapiga mkono mdomoni. "Uui! Ni kweli! Ni ng'ombe moja! Wamechora moja wakairudia!"

"Na mbuzi?" Madam Wanjira akauliza.

"Mbuzi pia ni mmoja. Kuku pia. Yule kuku ako na kidole moja imekatika."

Maswali arobaini, na mtoto amejibu "mmoja" mara arobaini, na kila mara kwa macho yake alisema kweli. Madam Wanjira aliketi juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe, akacheka hadi machozi, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Na kwa nini hukusema, Lorna?"

"Hakuna mtu aliniuliza." Akafikiri kidogo. "Na nilidhani mnajua. Nilidhani ni mchezo wa kuona kama tutadanganywa."

Kujua ni jambo moja, kumthibitishia Madam Nzula ni jambo lingine. Mtoto kutambua ng'ombe kwa pembe hakuonyeshi kwamba anajua hesabu. Jumatano asubuhi Madam Wanjira alimkamata Allan mlangoni pa chumba cha walimu kabla hajaweka mkoba.

"Allan, ile mchezo. Inaweza kubadilishwa picha?"

Allan alimtazama akidhani amesikia vibaya. "Iko na sehemu ya mwalimu, madam. Unapiga picha zako, unaweka, unaandika jibu. Ni simple sana. Hakuna mtu hutumia tu."

"Matokeo yake yanahesabika?"

"Headteacher akiketi hapo akishuhudia, aweke sahihi, inahesabika. Lakini ni mpaka Ijumaa."

"Basi nifundishe."

Kijana hakusema neno kuhusu mabibi harusi. Kwa hilo Madam Wanjira alimpenda tangu siku hiyo.

Alitaka kuanza na ng'ombe, ng'ombe halisi, kila mmoja na sura yake. Nyuma ya shule kulikuwa na ploti nyingi zenye mawe ya mipaka na bila nyumba, na mzee mmoja mwenye shuka na koti la mvua alilisha huko kila adhuhuri. Wakati wa chakula cha mchana, mwalimu na Lorna wakamwendea.

"Sopa!" Madam Wanjira akaamkia kwa Kimaasai.

"Ipa," mzee akaitikia. Lorna akainamisha kichwa, naye akakigusa.

"Mzee, tunaomba kupiga picha ng'ombe zako."

"Ni warembo, najua. Piga." Akajiweka sawa, naye aonekane. "Picha ni ya nini?"

"Ya hesabu. Watoto wazihesabu."

Mkono wa mzee ukapanda. "Ai, hapana, mama. Picha sawa. Hesabu, apana. Ng'ombe zangu hakuna mtu anahesabu. Hata mimi sihesabu."

Madam Wanjira nusura acheke. Mwiko alioutafuta kwa mtoto jana, leo umemkuta kwa mwenyewe. "Sasa moja ikipotea unajuaje, mzee?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ukifika nyumbani jioni unahesabu watoto ndio ujue nani hayuko? Si unaangalia tu, unaona sura haiko?"

Akasonga na ng'ombe wake, na fimbo mabegani. Madam Wanjira akabaki amesimama kwenye vumbi. Aliwaona Gakuru na Nduta, wanawe waliokwisha kuwa watu wazima, wakiingia mlangoni enzi zile kutoka shule, na yeye kwa jicho moja tu akijua nani kabaki njiani. Halafu akamwona Lorna kando ya mlango wa darasa kila asubuhi, akitazama wenzake wakiingia. Teacher, Cindy hayuko. Naye alimwambia kazi ya rejista si yake.

"Lorna," akasema wakirudi, "kesho ukisimama pale mlangoni, niambie nani hayuko."

"Si ni kazi yako?"

"Ni yangu na yako."

Alhamisi asubuhi, kabla rejista haijafunguliwa, Lorna akasema, "Cindy hayuko, teacher. Ako na homa. Wengine wote wameingia." Na ikawa hivyo.

Kipindi cha kwanza kilitumika kupiga picha. Watoto walileta walichokuwa nacho: vifuniko vya soda, maharagwe, vikombe vya uji, vipande vya chaki, viatu walivyovipanga mlangoni. Madam Wanjira alishika tableti kwa mikono miwili. Picha ya kwanza ilikuwa ya kidole chake gumba. Ya pili ilikuwa ya paji la uso wake na dari, kwa kuwa mashine ilikuwa imegeuka ikimtazama yeye. Darasa zima lilianguka kwa kicheko, na yeye akangoja ile aibu aliyoiogopa miezi yote. Haikuja. Kimani aliruka akamwonyesha kitufe cha kugeuza, mtoto mwingine akamshikilia mkono usitetemeke, wengine wakapiga kelele, "Hapo, teacher! Hapo!" Hakuna aliyemdharau. Hawakuwa wamewahi kumwona akijifunza, nao walifurahi kama watoto wanaofurahia mdogo wao akisimama dede.

Picha tisa zikapatikana. Ikabaki moja, nayo alitaka iwe ngumu, ili Madam Nzula asiwe na la kusema. Akawatoa wote nje, akawapanga mbele ya mlingoti wa bendera, warefu nyuma na wafupi mbele, wengine wakijificha nusu nyuma ya wenzao. Moyoni alisema, "Cucu, nisamehe," akabonyeza.

Ijumaa saa nne, Madam Nzula aliingia Gredi ya Tatu na faili chini ya kwapa. Jina la Lorna lilikuwa ndani ya faili, juu kabisa ya orodha. Allan aliweka kiti kimoja kwa mwalimu mkuu na kimoja kwa Lorna, mbali na Kimani na mbali na kila dawati. Watoto waliambiwa wasome kimya. Hakuna aliyegeuza hata ukurasa mmoja.

Kwanza Madam Wanjira alimwonyesha mwalimu mkuu yule ng'ombe mwenye baka begani, mara saba. Madam Nzula akatazama kwa muda mrefu, miwani juu, miwani chini. "Haya, sawa," akasema. "Hiyo nimeona. Lakini kuona si kuhesabu."

"Ndiyo maana tuko hapa, madam."

Picha ya kwanza ikaja, vifuniko kumi na saba. Lorna akagusa kumi na saba. Vikombe, ishirini na vinne, akagusa. Viatu, na swali likauliza ni jozi ngapi. Akagusa kumi na tatu, akaongeza kwamba cha mwisho hakina mwenzake. Maharagwe yalimchelewesha kwa sababu ya vivuli, akayapita salama. Tisa kwa tisa. Madam Wanjira alikuwa amesimama nyuma ya darasa mahali pake pa kawaida, ila safari hii mikono ilikuwa imeshika leso, inaipinda.

Picha ya kumi ikafunguka, na uwanja mzima wa watoto ukatokea kwenye kioo.

Lorna hakunyoosha kidole. Hakusogeza midomo. Alitazama picha kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara moja, polepole, halafu akatulia. Sekunde zikapita. Madam Nzula akamtazama Allan. Allan akatazama viatu vyake. Madam Wanjira alitamani kupiga kelele, "Hesabu, mama, hesabu!" akauma leso.

Lorna akagusa arobaini na tano.

Madam Nzula akachukua kalamu, akaanza kuhesabu vichwa kwenye kioo kwa ncha yake. Akapata arobaini na tatu. Akaanza tena, akapata arobaini na sita. Akavua miwani, akaipangusa, akaanza mara ya tatu kwa sauti, kila kichwa na namba yake, na darasa zima likahesabu pamoja naye kwa kunong'ona. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Arobaini na tano.

"Ni kweli," akasema. "Lakini wewe sijaona ukihesabu."

"Sijahesabu," Lorna akajibu. "Tuko arobaini na sita. Niliangalia nikaona ni Cindy tu hayuko. Arobaini na sita toa moja."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Alikuwa amefundisha kutoa miaka mingi, na hakuwa amewahi kulifikiria somo hilo hivyo.

"Lakini, madam," Lorna akaendelea, "hiyo picha haijatimia. Hata Cindy akipona, bado kuna mmoja hayuko."

Madam Nzula akavuta rejista. "Nani tena? Hapa naona wengine wote wameingia."

"Teacher."

Wote wakageuka nyuma. Madam Wanjira alijaribu kusema kwamba yeye ndiye aliyepiga picha, kwamba anayepiga hawezi kuwemo, kwamba ni jambo la kawaida. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiwahesabu watoto kila asubuhi, na hakujua kwamba kulikuwa na mtoto aliyesimama mlangoni akimngoja yeye pia aingie. Akafunika uso kwa leso, akalia mbele ya Gredi ya Tatu bila kujali.

Madam Nzula alifungua faili. Akakata jina la kwanza kwenye orodha kwa mstari mmoja, akitumia rula ili mstari unyooke, akatia sahihi. Kisha akaichukua tableti mezani na kusimama.

"Nje," akasema kwa ile sauti yake laini. "Wote, kwa mlingoti. Na wewe, Wanjira, katikati. Toa hiyo leso kwa macho."

Wakatoka mbio. Mwalimu mkuu akapiga, akapiga tena kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amepiga kidole chake, na Madam Wanjira akamwonyesha pa kukiweka. Picha ilipotoka safi, Madam Nzula hakuitazama yeye. Akampelekea Lorna kwanza.

Lorna aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama kutoka upande mmoja hadi mwingine, mara moja, polepole.

"Sasa amebaki Cindy tu," akasema, akaenda kuketi mahali pake kando ya Kimani, Gredi ya Tatu.